Asilimia 13, kuanzia lini?

Mwezi wa Mei, kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho hapa wilayani Masasi, mgeni rasmi alisimama akasema uzalishaji wa korosho nchini umekua kwa wastani wa asilimia 13 kila mwaka tangu msimu wa 2017/18. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaandika 13 pembeni mwa karatasi ya ajenda nikaizungushia duara, kwa sababu ajenda iliyofuata ilikuwa mkopo wa kujenga ghala la pili, na nilijua namba hiyo itatumika tena kabla jua halijazama.

Nyuma yangu alikaa mzee mmoja, jirani yangu wa shamba. Akaniinamia: "Mwalimu, mimi msimu huo anaoutaja nilipeleka kilo 860. Msimu huu uliopita nimepeleka 910. Hiyo kumi na tatu imepita kwa nani?"

Nilifundisha hisabati shule ya msingi miaka 24, na sasa natunza vitabu vya chama. Swali la namna hiyo siwezi kuliacha lilale. Nilimwambia, "Mzee wangu, nipe siku chache," nikarudi nyumbani na daftari.

Nianze na takwimu zenyewe, ili atakayetaka kuhakiki ahakiki. Ni za Bodi ya Korosho, nimezikata kwenye maelfu ya tani yaliyo karibu. Msimu wa 2017/18 tulivuna tani 314,000, ule msimu mkubwa ambao hadi leo watu wanauhesabia umri wa nyumba za bati. Uliofuata, 2018/19, tukashuka hadi 225,000. Kisha 233,000, halafu 211,000, halafu 240,000. Msimu wa 2022/23 tukaanguka kabisa, 189,000. Wa 2023/24 tukainuka hadi 311,000, na 2024/25 tukavunja rekodi kwa 528,000.

Mgeni wetu hakudanganya. Nilirudia hesabu yake hatua kwa hatua na nikafika alipofika. Alichukua kila msimu akaulinganisha na uliotangulia: kushuka 28.3, kupanda 3.6, kushuka 9.4, kupanda 13.7, kushuka 21.3, kupanda 64.6, kupanda 69.8. Akajumlisha, akagawa kwa saba. Inatoka asilimia 13.2. Mwanafunzi wa darasa la sita akifanya hivyo kwenye mtihani wa wastani, nampa alama zote.

Lakini sasa ondoa msimu wa mwisho. Simama 2023/24, jumlisha zile asilimia sita za mwanzo, gawa kwa sita. Unapata 3.8. Yaani kwa njia ile ile, zao letu lilikuwa linakua karibu asilimia 4 kila mwaka kwa miaka sita. Sasa tazama tani: tulianza na 314,000, tukaishia na 311,000. Hatujakua hata kidogo, tumepungukiwa tani 3,000. Nilipoiona hiyo kwenye daftari langu niliiweka kalamu chini. Miaka sita ya kupalilia, kununua salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, kwa mkopo na kulala shambani kulinda, mizani inasema tumerudi pale pale, na wastani unasema tumekua.

Kosa liko wapi? Liko kwenye tabia ya asilimia yenyewe. Asilimia huhesabiwa juu ya kilichopo wakati huo, na kilichopo kinabadilika. Tuliposhuka kutoka 240,000 hadi 189,000 tulipoteza asilimia 21. Ili kurudi 240,000 hatuhitaji 21, tunahitaji 27, kwa kuwa sasa tunaanzia chini. Kushuka kunahesabiwa juu ya rundo kubwa, kupanda kunahesabiwa juu ya rundo dogo. Ukizijumlisha asilimia hizo kana kwamba zote zimetoka kwenye rundo moja, kupanda kutaonekana kukubwa kuliko kulivyo. Na kadiri zao linavyoyumba, ndivyo wastani huo unavyozidi kupotosha. Mishahara inayopanda polepole haina shida hiyo sana. Korosho inayo, tena kwelikweli.

Njia ya pili ni kujiuliza: kama tungekua kwa kiwango kimoja tu kila mwaka, bila kuyumba, kiwango gani kingetutoa 314,000 kitufikishe 528,000 kwa miaka saba? Hapa unagawanya 528 kwa 314, unapata 1.68, kisha unatafuta kipeuo cha saba. Simu nyingi zinacho kikokotoo chenye kipeo ukiigeuza ubavu, lakini siku hiyo simu yangu ilikuwa dukani inachajiwa, nikafanya kwa kalamu kama nilivyowafundisha watoto kutafuta kipeuo kwa kubahatisha. Nilichukua 1.08 nikaizidisha mpaka zikawa saba: 1.71, imezidi. Nikachukua 1.07: 1.61, haijafika. Nikaingia katikati, 1.077. Mara mbili, 1.16. Mara nne, 1.345. Mara sita, 1.561. Mara saba, 1.681. Hapo hapo. Ukurasa mzima wa kuzidisha, na jibu ni asilimia 7.7 kwa mwaka, si 13.2.

Njia hii inapendwa kwa sababu haiyumbishwi na ya katikati. Ndiyo inayofaa idadi ya watu, kwa mfano. Sensa ya 2012 ilituhesabu 44,928,923, ya 2022 ikatuhesabu 61,741,120. Ongezeko lote ni asilimia 37.4, na nimeshasikia watu wakigawa kwa kumi na kusema 3.7 kila mwaka. Siyo. Anayezaliwa leo naye huja kuzaa, ongezeko linazaa ongezeko, kwa hiyo kiwango sahihi ni asilimia 3.2. Watu hawaongezeki nusu leo na kupungua robo kesho, hivyo kujua mwanzo na mwisho kunatosha.

Korosho si watu. Kuna msimu unyevu unazidi maua yakiwa mtini, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukashika, maua yakakauka yote. Njia ya mwanzo na mwisho inaangalia misimu miwili tu na kuifumbia macho sita ya katikati, na anayechagua ile miwili ndiye anayechagua jibu. Nilijaribu. Anza 2017/18, ishia 2022/23: tunapungua karibu asilimia 10 kila mwaka, zao linakufa. Anza 2018/19, ishia 2024/25: tunakua zaidi ya asilimia 15 kila mwaka, mambo yamenyooka. Miaka ni ile ile, mikorosho ni ile ile. Tangu siku hiyo mtu akinitajia kiwango cha ukuaji, namuuliza kwanza: kuanzia lini?

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo Dodoma, alikuja likizo akanikuta na madaftari mezani. "Shangazi, hapo tumia logarithimu," akasema. Nilikuwa nimezisahau, zilibaki kule sekondari na kile kitabu cha majedwali chenye jalada lililochanika. Akakaa, akanionyesha jambo ambalo lilinifurahisha kama vile ni mimi mwanafunzi. Badala ya asilimia, chukua tofauti ya logarithimu asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) za tani za misimu miwili. Kutoka 240 hadi 189 inatoka hasi 0.239. Ukirudi kutoka 189 hadi 240 inatoka chanya 0.239. Ni ile ile! Kushuka na kupanda vinapimwa kwa kipimo kimoja, hakuna upande unaopendelewa. Ukizijumlisha zile sita za kuanzia 2017/18 hadi 2023/24 unapata hasi 0.01 hivi, karibu sifuri, na ndivyo mizani inavyosema. Asilimia zilishindwa kujumlishika, hizi zinajumlishika vizuri.

Kisha akaendelea. Tuliweka misimu chini, logarithimu za tani kushoto, tukatia nukta nane kwenye karatasi ya grafu, halafu tukatafuta mstari ulionyooka unaopita katikati ya nukta zote kwa ukaribu kuliko mistari mingine. Mwinamo wa mstari huo, ukiurudisha kutoka logarithimu kwenda asilimia, ndio kiwango cha ukuaji. Benki ya Dunia nayo hutumia mstari wa namna hii kwenye majedwali yake. Faida yake ni kwamba kila msimu una sauti, hakuna wa kupuuzwa kwa kuwa uko katikati. Kwa misimu yote minane tulipata asilimia 5.8 kwa mwaka. Tukaondoa 2024/25 tukachora upya: mstari ukainama chini, tunapungua asilimia 1.2 kwa mwaka.

Sasa ninazo tatu: 13.2, 7.7 na 5.8. Zote zimetoka kwenye tani zile zile, na zote zimekokotolewa bila kosa. Nilikaa nazo usiku ule nikajiuliza ipi nimpelekee mzee na ipi niipeleke kamati ya ghala. Kuna kanuni ya haraka ya kujua kitu kitachukua muda gani kuongezeka mara mbili: gawanya 72 kwa kiwango cha ukuaji. Kwa 13.2 ni miaka mitano na nusu. Kwa 7.7 ni tisa na kitu. Kwa 5.8 ni zaidi ya kumi na miwili. Andiko la mkopo lilisema mzigo wa chama utaongezeka mara mbili ndani ya miaka sita, na mkopo urejeshwe kwa makato ya kila kilo. Kama mzigo hauji, kilo ni zile zile na makato lazima yapande. Ndiyo maana silichukulii jambo hili kama mchezo wa wasomi. Tofauti ya 13 na 6 inatoka mfukoni mwa mtu anayebeba gunia kichwani hadi ghalani.

Kuhusu kulinganisha vipindi vifupi sisemi mengi, maana kwetu jibu liko wazi. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Ukilinganisha Oktoba hadi Desemba na Julai hadi Septemba, Mtwara yote itaonekana imetajirika kwa miujiza, na ukifika Aprili itaonekana imefilisika. Kwa hiyo robo ya mwaka inalinganishwa na robo kama hiyo ya mwaka uliopita, na ndivyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu inavyotoa Pato la Taifa. Wamarekani wana desturi nyingine: wanasawazisha majira, yaani wanaondoa kupanda na kushuka kunakoletwa na msimu, wanalinganisha robo na robo iliyopita, kisha wanaikuza kana kwamba mwendo huo utadumu mwaka mzima. Julai 2020 tulisikia redioni uchumi wao umeporomoka karibu asilimia 33. Kilichopungua ndani ya robo ile kilikuwa asilimia 9.5. Nusu ya kijiwe cha kahawa hapa waliamini theluthi moja ya Marekani imetoweka.

Na hata kulinganisha na mwaka uliopita kuna mtego wake. Jirani zetu Kenya, robo ya pili ya 2021, walitangaza ukuaji wa asilimia 10.1. Namba tamu. Lakini robo kama hiyo ya 2020, wakati wa korona, walikuwa wameshuka 4.7. Ukiziunganisha, ndani ya miaka miwili walikua asilimia 4.9 tu, kama 2.4 kwa mwaka. Aliyetoka shimoni akafika usawa wa ardhi amepanda kweli, hakuna anayebisha, ila bado hajaupanda mlima.

Jambo linaloniumiza zaidi ni bei, na sikulisikia mkutanoni. Novemba 2018 Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilicheza kidogo juu ya 4,000. Ukuaji wa bei wa zaidi ya asilimia 21! Lakini miaka hiyo mfumuko wa bei ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4.3 kila mwaka. Nilizizidisha moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, zikafika karibu asilimia 24. Maana yake kilichonunuliwa na 3,300 mwaka ule kilihitaji shilingi 4,080 hivi mwaka 2024. Sukari, sabuni, ada ya mtoto, nauli ya kwenda Masasi mjini, vyote vimepanda pamoja na korosho. Noti zimeongezeka mkononi, lakini zinanunua kile kile. Wataalamu wanaita bei za mwaka husika na bei za kudumu. Mke wa yule mzee anaita "hela ya karatasi", na amepatia.

Halafu kuna kangomba. Msomaji wa mbali, kangomba ni biashara ya kumuuzia mchuuzi korosho kwa kibaba, mara nyingi kabla hazijaiva, kwa bei ya kuumiza, kwa sababu mtoto anaumwa au chakula kimeisha. Korosho hizo hazipiti kwenye mizani ya chama kwa jina la mkulima. Mwaka ambao kangomba inabanwa, kilo kwenye vitabu vyangu zinapanda hata kama mkorosho haujaongeza tawi. Nimeongeza kuandika, sijaongeza kuvuna. Tofauti hiyo haionekani kwenye kipimo chochote kati ya vitatu nilivyoeleza, hata ule mstari mzuri wa Dodoma.

Mataifa nayo hukutana na hili. Aprili 2014 Nigeria ilibadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia uchumi, kutoka 1990 kwenda 2010, ikaanza kuhesabu vizuri simu, filamu na biashara nyingine ambazo 1990 hazikuwa na uzito, na uchumi wake ukaongezeka asilimia 89 kwa tangazo la siku moja. Kenya wakafanya vivyo hivyo Septemba mwaka huo, wao wakaongeza asilimia 25. Hakuna aliyeamka asubuhi yake akiwa na shati jipya. Sisemi walifanya vibaya, walifanya vizuri sana kuhesabu kilichopo. Ila kumlinganisha aliyehesabiwa kwa kipimo kipya na yeye mwenyewe wa kipimo cha zamani, kisha kuita tofauti hiyo ukuaji, hilo nalikataa hata aliseme nani.

Basi nilifungua vitabu vya chama chetu wenyewe. Msimu wa 2017/18 tulipokea tani 612, msimu wa 2024/25 tani 724. Kwa mwanzo na mwisho ni asilimia 2.4 kwa mwaka, na sehemu ya hizo ni kangomba iliyobanwa, si mavuno. Nilipiga chapa ukurasa mmoja, nikauweka mbele ya kamati: tani za kila msimu bila kuficha hata mmoja, vipimo vitatu chini yake, na kila kimoja kimeandikiwa kinajibu swali gani. Mjumbe mmoja alikasirika, akasema nawavunja watu moyo. Nilimjibu kwamba mkopo ukishindwa kulipika moyo utavunjika zaidi. Ghala la pili limeahirishwa, na lile la kwanza linaezuliwa mabati yaliyotoboka upande wa magharibi, pale mvua ya Januari ilipolowesha magunia 38. Kwenye muhtasari tumekubaliana pia kwamba asilimia yoyote itakayosomwa mkutanoni itajwe msimu wa kuanzia, msimu wa kuishia na namna ilivyokokotolewa. Mimi ndiye niliyeomba kifungu hicho, na nitakisimamia.

Kwa mzee nilikwenda mwenyewe, jioni, nikamkuta anapanga mabua ya mtama. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia: kutoka 860 hadi 910, kwa miaka saba, wewe umekua asilimia 0.8 kwa mwaka. Akainyamazia kidogo. "Hiyo naijua," akasema. "Hiyo ndiyo yangu." Kisha akanichukua kunionyesha nyuma ya nyumba. Mwaka juzi alikata mikorosho mizee kumi na miwili ambayo ilikuwa haizai vizuri tena, akapanda miche ya kubebesha. Kilo za miti ile zimeondoka kwenye 910 yake, na za miche bado hazijaingia. Aliushika mche mmoja uliomfikia kifuani, ukiwa na maua ya kwanza matatu manne, akaniuliza: "Na huu, Mwalimu, kwenye daftari lako umeuandika wapi?"